Nalotuesha Anakusalimu

"Umeandikwa kama duka," Nzembi alisema, ameishika simu ya Koinet juu ya kaunta. "Njoo ujionee. Maziwa Kitengela. Hata si mpenzi, hata si rafiki. Maziwa."

Nalotuesha aliendelea kuchuja maziwa ya asubuhi, macho yake kwenye kitambaa.

"Rudisha simu ya watu," alisema polepole.

"Nitarudisha. Lakini jiulize, dada. Mwanaume akikuficha ndani ya simu, kwa boma lao atakuweka wapi?"

Koinet alikuwa nje akishusha mitungi kutoka kwa pikapu. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya majirani kule kwao Kajiado na kuyaleta hapa Kitengela, kwenye duka walimouza Nalotuesha na Nzembi. Ilikuwa mwaka wa 2004. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa miaka ishirini na minne, na kwa miezi kumi na mmoja kila mtu kando ya ile barabara alijua kwamba haji kwa sababu ya maziwa peke yake.

Aliingia, akaiona simu yake mkononi mwa Nzembi, akamtazama Nalotuesha. Nzembi akaiweka chini kama iliyomchoma vidole.

Sasa, Nalotuesha alikuwa msichana wa haya. Aliacha shule darasa la sita, mama yake alipougua, na ni kama alibaki na haya ile ile ya mtoto wa darasa la sita. Mteja akilalamika kwamba kipimo hakijajaa, yeye alimwongezea bila kujibu. Lakini siku hiyo kitu fulani kilimfungua mdomo.

"Koinet, niite."

"Nikuite nini?"

"Jina langu. Mara moja tu, halafu niendelee na kazi."

Koinet alivua kofia, akaivaa tena.

"Wewe si unajua ni wewe?"

"Sijauliza kama najua. Nimesema uniite."

"Nakupenda," alisema. "Hilo nimelisema mara ngapi?"

"Mara nyingi. Lakini hujawahi kusema unampenda nani."

Alisimama pale kama mtu aliyefika mlangoni akakuta hana ufunguo. Halafu alibeba mitungi mitupu ya jana akatoka. Gari likawaka. Nzembi, ambaye kwa kawaida alikuwa na neno kwa kila jambo, alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

Koinet alikuwa amemwita mrembo. Alikuwa amemwita mtu wangu, na roho yangu, na siku moja alipokuwa na furaha sana alimwita siangiki, neno la Kimaasai la mke kijana, naye Nalotuesha akalala na neno hilo siku tatu. Lakini jina lenyewe, hapana. Saa nane mchana, maziwa yakiisha na jua likipiga kwenye mitungi aliyoiosha na kuianika, Nalotuesha alikuwa na mchezo wake ambao hakumwambia mtu. Alifumba macho akaisikiliza sauti ya Koinet ikimwita kutoka mbali, kutoka ng'ambo ya uwanda, mahali nyasi zinapokutana na mbingu. Katika ndoto hiyo aliitwa vizuri sana. Akifumbua macho, palikuwa na mitungi tu, na mwanga wake mweupe ukimwumiza.

Lenyewe lilikuwa jina la ajabu kwa msichana wa Kikamba. Watu walimwuliza tangu utotoni, wewe ni Mmasai? Hapana. Baba yako ni Mmasai? Baba yake alikuwa Ndolo, fundi wa mawe kutoka milima ya Machakos, aliyehamia Kitengela mapema miaka ya tisini, wakati watu walipoanza kununua ploti na kutaka nyumba. Ndolo hakumwita bintiye kwa jina pia, lakini sababu yake ilijulikana na kila Mkamba. Alimwita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa msichana alibeba jina la mama mzazi wa Ndolo.

Na mama huyo alilipata kwa bibi yake, na bibi huyo alikuja nalo kwa miguu.

Ndolo alipenda kuisimulia habari hiyo jioni, akiosha vumbi la mawe mikononi. Zamani, kabla ya reli, ng'ombe wa Wamaasai walikufa karibu wote kwa msimu mmoja, na njaa ikaingia. Mwanaume mmoja akapanda milima ya Wakamba akimwongoza mtoto wa kike wa kama miaka mitano. Kwa Wakamba kulikuwa na mtama. Alimwacha mtoto kwenye boma la watu asiowajua, wamlishe, naye hakula hata punje. Aliomba jambo moja. Alikaa uani akawafundisha jina la mtoto, mtu mmoja mmoja, mpaka hata vikongwe wakalishika, mpaka kivuli cha ghala kikahama upande. Akasema kwa ishara na kwa maneno machache aliyokuwa nayo, msimbadilishie jina, mimi nikirudi nitauliza kwa jina. Akashuka mlima.

Hakurudi. Mtoto akakua, akaongea Kikamba, akaolewa, akasahau lugha yake yote isipokuwa neno lile moja. Likapita kwa mjukuu, likapita kwa mjukuu wa mjukuu huyo. Hakuna aliyejua maana yake mpaka walipofika Kitengela. Nalotuesha alikuwa na miaka kumi na mmoja, amepanga foleni ya maji, na mwanamke wa Kimaasai nyuma yake akacheka kusikia Mkamba akiitwa hivyo. "Unajua wewe ni nani?" alimwuliza. "Wewe ni aliyekuja na mvua." Mtoto alirudi nyumbani na mtungi nusu, amemwaga njiani kwa kukimbia.

Ndiyo maana jina hilo halikuwa kitu cha kuchezea kwao. Kwa Wakamba, mtu akifa, jina lake ndiyo kwanza linaanza kazi. Linatumwa dukani, linaitwa kula, linakemewa, linabembelezwa. Hivyo marehemu hapati nafasi ya kupotea.

Baada ya siku ile, Koinet alikaa wiki nzima bila kuonekana. Alikuwa ameenda mnada wa Bissil na ng'ombe wa mjomba wake, na maziwa yakaletwa na dereva wa kuajiriwa, kijana aliyeitwa Tajeu, mgeni kutoka upande wa Narok. Nalotuesha alikuwa na wiki nzima ya kufikiri, na mtu wa haya akipewa muda wa kufikiri hufika mbali. Aliona amepata jibu. Koinet hamwiti kwa sababu kwao hajulikani. Msichana asiyejulikana kwa mama mkwe ana jina gani? Basi ajitambulishe. Ajitambulishe kwa heshima, kama alivyolelewa.

Alinunua sukari kilo mbili na majani ya chai, akavifunga kwenye leso mpya yenye maua ya manjano, akampa Tajeu.

"Umpatie mama yake Koinet," alisema. "Umwambie hivi, usibadilishe neno. Mwambie, Nalotuesha anakusalimu. Hajakusahau, na atakuja kukuona mvua zikianza."

Kwao salamu za mzazi zilitumwa hivyo, hata kwa mzazi ambaye hujawahi kumwona. Tajeu alirudia maneno hayo mara mbili asiyasahau. Alikuwa kijana mwaminifu.

Kesho yake maziwa hayakuja. Kesho kutwa pia hayakuja. Siku ya tatu ujumbe wa Koinet uliingia kwenye simu ya Nzembi, ambayo ndiyo alimpigia Nalotuesha siku zote, kwa maana hakuwa na yake: "Mwambie asitume kitu tena kwetu. Nakuja."

Nzembi aliusoma kwa sauti, halafu kimya kimya, halafu akatoa hukumu yake. Kuna mwanamke kule. Umetuma sukari kwa boma la mwenzako, imepokelewa na mwenye nyumba. Alisema hata yeye, kama ingekuwa ni kwake, angekunywa hiyo chai kwanza ndipo akasirike. Nalotuesha hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono magotini, akisubiri kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari.

Koinet alifika saa tano asubuhi, siku ya nne. Hakuwa na maziwa. Walikaa nyuma ya duka, kwenye kreti mbili za soda, naye akaitazama mikono yake.

"Kuna mwingine?" Nalotuesha aliuliza.

"Alikuwepo," Koinet alisema. "Alikuwa na miaka tisa. Dada yangu. Lilikuwa jina lake."

Upepo ulipita na vumbi la barabarani. 

Koinet alimweleza bila kumtazama. Novemba 1997, zile mvua za El Nino. Mto unaopita karibu na boma lao ulikuwa mchanga mtupu mwaka mzima, watoto wakicheza humo. Siku hiyo walikuwa wakivusha mbuzi, yeye akiwa na miaka kumi na saba. Maji yalikuja kutoka juu, yakiwa na miti ndani yake.

"Nilikuwa nimemshika," alisema. "Mkono huu. Baadaye nikawa nimeshika maji. Niliita kutoka saa sita mpaka wazee wakaja kunitoa ukingoni. Niliita mpaka sauti ikaisha. Halafu wakasema basi, mtoto akilala namna hiyo jina lake haliitwi tena katika boma, tumwache apumzike. Wengine waliona ni vigumu. Mimi sikuona ugumu. Nilikuwa nimeshalimaliza."

Nalotuesha alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe, aliyomfundisha Tajeu. Hajakusahau. Atakuja kukuona mvua zikianza. Alijifunika uso kwa aproni yake yenye harufu ya maziwa.

"Tajeu hakujua," Koinet alisema. "Wewe hukujua. Mimi ndiye nilijua nikanyamaza. Nilikuwa nikikuona hapa kila asubuhi, unacheka, ukiitwa na kila mtu kwa jina hilo na unaitika, nikawa sijui kama nakuja kukuona wewe ama nakuja kuona mtu akiitika."

"Mama amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ameweka sukari yako chini ya kitanda. Siku nne anakaa mlangoni anaangalia upande wa mto."

Ndipo akaomba lile aliloliomba. Alisema kwao kila bibi arusi hupewa jina jipya anapoingia, ni desturi, si tusi. Basi aliache hili kabisa, hata kwa kitambulisho. Awe Ruth, awe Soipan, awe chochote. "Nitakuita kutwa nzima mpaka uchoke," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemaanisha.

Jioni hiyo Nalotuesha alimpelekea baba yake ombi lile. Ndolo alikuwa akichonga jiwe la kona. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliweka nyundo chini.

"Mwaitu, huyo kijana nampenda. Ana adabu. Lakini anataka mimi nimzike mama yangu mara ya pili, ili yeye asimkumbuke dada yake." Akafikiri. "Na hili jina si letu. Tuliwekewa. Kitu cha kuwekewa unakibadilishaje?"

Basi Nalotuesha akamwambia Koinet hapana. Alimwambia mlangoni, amesimama wima, akishangaa miguu yake inamshika. "Nakuonea huruma mpaka nashindwa kulala," alisema. "Lakini kama hutaweza kuniita, mimi nitaitikaje? Nitaishi na wewe miaka hamsini nikigeuka kila mara ukikohoa?"

Koinet akakubali kwa kichwa. Mwezi mmoja ukapita, maziwa yakiletwa na Tajeu, ambaye sasa alimwogopa Nalotuesha na kuiweka mitungi mbali. Nzembi alijaribu kumchekesha akashindwa, akajaribu kumtafutia mwingine, fundi wa redio mwenye meno mazuri, akashindwa pia. Mchana Nalotuesha alifumba macho kama zamani, lakini ng'ambo ya uwanda palikuwa kimya.

Kilichomtoa nyumbani hatimaye hakikuwa Koinet. Kilikuwa yule mama aliyekaa mlangoni. Aliona si haki kumtia mtu kidonda kisha akae Kitengela akiuza maziwa. Alhamisi moja alivaa gauni lake la kanisani, akaaga nyumbani, akaenda Kajiado. Kutoka mjini alitembea mwendo wa saa moja, akiuliza njia, hadi kwenye boma lililozungushiwa miiba.

Mama yake Koinet, ambaye majirani walimwita Ngoto Koinet, alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na moshi mtamu ulimzunguka. Alikuwa mwembamba, masikio yake yamejaa shanga. Koinet hakuwepo. Nalotuesha aliinamisha kichwa, na mama akakigusa kwa kiganja, kama anavyoguswa mtoto wa nyumbani.

"Unaitwa nani?"

Katika mambo yote aliyojipanga kusema njiani, hilo hakuwa amelipanga.

"Mimi ni yule aliyekutumia sukari."

"Sikuuliza habari ya sukari."

"Mama, nimeambiwa nisilitaje hapa."

"Nani amekuambia?"

"Koinet."

Mama alitikisa jivu kutoka kwenye kibuyu, akakinusa ndani, akaridhika.

"Koinet alipoteza dada," alisema. "Mimi nilipoteza mtoto. Hatukupoteza kitu kimoja. Keti."

Nalotuesha akaketi chini, miguu upande. Machozi yalikuwa yameanza, naye akaomba msamaha, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika zaidi ya cha mama. Mama alimwacha mpaka akamaliza.

"Sasa nisikie mimi. Yule dereva alisimama pale kwa lango. Akaongea maneno yako, na akili yangu ilichelewa kidogo kufika. Kwa muda wa kupumua mara moja tu nilikuwa na msichana mkubwa. Ameolewa Kitengela, ana duka, ananitumia sukari na leso. Nilifikiri, ona, hajanisahau. Halafu akili ikafika." Alikigeuza kibuyu mkononi. "Watu wanasema nimekaa mlangoni kwa hasira. Sijakasirika. Nilikuwa nangoja kama ile pumzi inaweza kurudi."

 Mbuzi mmoja alikuja, akanusa gauni la kanisani, akaondoka.

"Sukari ilikuwa nzuri," mama aliongeza. "Majani ya chai yalikuwa ya bei rahisi."

Nalotuesha alicheka kabla hajajizuia, pua imejaa machozi.

Mama aliinuka, akamshika mkono, akamtoa nje ya uzio wa miiba, hatua nyingi, mpaka kwenye mwamba mmoja ulio peke yake uwandani. Alisema ndani ya boma kuna neno la wazee, na yeye halivunji. Huku nje ni kwa kila mtu. Akataka kujua jina lile lilifikaje kwa Wakamba, na Nalotuesha akamsimulia, mtoto na baba yake na mtama na kivuli cha ghala kikihama. Mama alisikiliza hadi mwisho, akitazama nyasi.

"Basi sema," alisema. "Wewe mwenyewe."

"Nalotuesha."

Mama alifumba macho.

"Tena."

"Nalotuesha."

Mara ya tatu hakuomba. Alikaa vivyo hivyo, na jua likasogea, na mbali sana kengele ya ng'ombe ikalia mara moja ikanyamaza. Nalotuesha hakujua walikaa pale saa ngapi. Baadaye, alipojaribu kumweleza Nzembi, alisema tu ilikuwa kama kulala na kuamka mikononi mwa mtu.

Walipoinuka, mama alikuwa ameshaamua mambo yote, kama wafanyavyo akina mama. Ndani ya uzio angempa jina la bibi arusi, kama wanawake wote wa boma hilo walivyopewa, ili yule mdogo asiamshwe. Nje ya uzio, na kwao, na kanisani, na kwa kitambulisho, abaki kama alivyo.

"Na Koinet?" Nalotuesha aliuliza.

"Koinet ni lazima alitoe kooni mwenyewe. Hapo sina dawa."

Ndolo alipopelekewa habari alisema jina la pili halimsumbui, mtu anaweza kuvaa koti juu ya shati. Wazee wakaja kutoka Kajiado, wakanywa chai, wakarudi, wakaja tena. Koinet alianza kuleta maziwa mwenyewe. Aliketi na Nalotuesha nyuma ya duka, walipanga, walicheka. Lakini alikuwa hajamwita, na Nalotuesha hakumwuliza tena. Alikuwa ameamua kungoja mpaka siku ambayo haitakuwa na mahali pa kukwepea.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwaka wa 2005, katika kanisa la mabati hapo Kitengela. Wakamba upande mmoja, Wamaasai upande wa pili, shanga na suti, watoto wakihamahama katikati. Mchungaji Wanyoike alimwambia Koinet arudie baada yake.

"Mimi, Koinet."

"Mimi, Koinet."

"Nakuchukua wewe, Nalotuesha."

"Nakuchukua wewe," Koinet alisema.

Akanyamaza.

Mabati yalilia kwa joto. Mtu alikohoa. Mchungaji alidhani hakusikika, akarudia, akitamka kila silabi. Koinet alikuwa anatokwa na jasho kwenye paji la uso. Nzembi, msimamizi wa bibi arusi, alinong'ona bila kusogeza midomo, "Akianguka mimi simbebi." Nalotuesha hakumsikia. Alimtazama yule kijana, na kwa mara ya kwanza hakuwa anataka kushinda. Aliunyosha mkono wake akaushika wa kulia wa Koinet, ule ule uliomshika dada yake, akaukaza kwa nguvu zote za mtu anayebeba mitungi.

"Niko hapa," alimwambia.

Koinet akalitamka.

Halikufanana na lile la ndotoni. Lilitoka taratibu, zito kidogo, likapanda mahali ambapo kwao Wakamba halipandi na kushuka mahali ambapo kwao halishuki. Nalotuesha alikuwa amelisikia kila siku ya maisha yake kutoka kwa ndimi za Wakamba, naye akaona hakuwahi kulisikia. Kwenye benchi la mbele Ndolo aliinua kichwa ghafla, kama mtu aliyesikia hodi. Mama yake Koinet alikuwa ameinamisha chake, leso yenye maua ya manjano mdomoni.

"Nalotuesha," Koinet alisema tena, bila kuambiwa, na mara ya tatu, sasa anatabasamu na machozi yanashuka, mpaka watu wakaanza kucheka na mama mmoja akapiga kigelegele kabla ya wakati wake.

Ilipofika zamu ya bibi arusi, Mchungaji Wanyoike alilazimika kumwuliza mara mbili. Alikuwa bado anasikiliza.